Maji ya Zamu Yetu

Bibi yangu hakujua kusoma, lakini sikumbuki kikao cha wazazi pale shuleni alichowahi kukosa. Siku ya kikao alijifunga khanga zile za sikukuu, akapaka miguu mafuta, halafu akajitwika kigoda chake mwenyewe kichwani. Madawati ya shule hakuyataka. Alisema yalichongwa kwa ajili ya watu wasio na makalio.

Tulikuwa tunakaa kwenye kijiji cha upande wa Gulwe, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mdogo wangu wa kike, na mimi. Mama alikuwa Dodoma mjini, anapika wali na maharage ya kuwauzia wanafunzi wa chuo kule Chimwaga, na alikuja kila alipopata nafasi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yangu tusiyazungumzie, tutaharibu maongezi. Nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha stesheni na kusuka watu nywele, huku kichwani mwangu tayari nina saluni yangu Chimwaga, yenye kioo kinachoanzia sakafuni hadi juu kwenye dari, na viti vinavyozunguka.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na akili za darasani. Bibi alimwita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao, na babu yetu, ingawa alikuwa kaburini siku nyingi, bado walimgombania. "Mume wangu angekupenda wewe kwa hesabu," bibi alimwambia, "lakini kwa ugali angerudi kwangu." Mipango yetu ilikuwa hivi: mdogo wangu afaulu darasa la saba, aende sekondari, afike chuo kile kile cha Chimwaga, na mimi niwe jirani hapo na saluni yangu, namsuka bure kila wiki. Bibi tulimpangia chumba chenye choo cha ndani. Alikataa. "Choo kilale na mimi nyumba moja? Mna adabu kweli nyie?" Mipango hiyo tuliipanga jioni tukichambua mboga ya mlenda, kila siku tukiongeza kitu, na hakuna aliyetuzuia.

Ugonjwa ule wa dunia nzima ulipoingia, mwaka wa kwanza, shule zikafungwa, bibi akajiteua kuwa mwalimu. Mchana alikaa mlangoni na fimbo mapajani, mdogo wangu yuko mbele yake na kitabu. Kwa kuwa bibi hakujua kilichoandikwa, kipimo chake kilikuwa midomo. Midomo ikitulia tu, "Mbona umenyamaza? Soma!" Siku nyingine mdogo wangu alishachoka na kitabu, akawa anasoma kwa sauti maandishi ya kwenye paketi ya sabuni, jinsi ya kuloweka nguo nyeupe, tena kwa mkazo kama anahutubia, na bibi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa natoka nje nikacheke nyuma ya nyumba.

Yaliyotukuta yalitokea mwaka wa pili wa ugonjwa, mwezi wa saba, wakati wa baridi na upepo. Anayeijua Dodoma anaujua upepo ule: unabeba vumbi kuanzia asubuhi, na kila mtu kijijini anakohoa, mpaka mbuzi. Mwalimu mkuu aliita kikao. Akasema ugonjwa umerudi na wanafunzi wanaambukizana, kwa hiyo mbele ya kila darasa vitundikwe vibuyu chirizi. Ni vidumu vya plastiki vilivyotobolewa na kufungwa kamba. Mtoto anakanyaga kijiti chini, kidumu kinainama, maji yanachirizika mikononi bila kugusa kitu. Shule ilikuwa haina bomba. Maji yatoke wapi?

"Yatoke kwa wazazi," mwalimu mkuu alisema.

Wanaume wa nyuma wakaguna. Kiangazi maji yetu yako mtoni, chini ya mchanga. Unachimba mpaka yatokeze, unachota kwa kikombe, unasubiri yajikusanye tena. Bibi akainuka kwenye kigoda chake.

"Mnaguna nini? Pombe ikipikwa, maji mnayapata wapi?"

"Bibi, wewe huna mtoto pale, una mjukuu," mmoja akamchokoza.

"Nina mke mwenzangu pale! Andikeni, mimi Alhamisi."

Watu wakaangua kicheko, zamu zikagawanywa. Sisi Alhamisi. Mwalimu mkuu akaongeza jambo moja: mtoto akikohoa asije shule, mzazi aende mwenyewe kutoa taarifa. Bibi akarudi nyumbani na masharti hayo amebeba kichwani pamoja na kigoda, akatusomea yote kama sheria za serikali.

Kila Alhamisi alfajiri, basi, bibi na mdogo wangu walikwenda mtoni na ndoo, kisha shuleni. Mimi niliwahi stesheni. Walimu walinisimulia kwamba bibi alikuwa hamimini tu na kuondoka. Alisimama pale akisimamia. Mtoto akiosha vidole viwili viwili, anamrudisha: "Hivyo vingine umeazima? Osha vyote!"

Halafu mdogo wangu akaanza kukohoa.

Bibi hakubisha wala hakuficha. Asubuhi ile ile alikwenda shuleni kusema mtoto wake anakohoa na atabaki nyumbani. Akarudi na majani: mwarobaini, mkaratusi wa kule stesheni, na mchaichai aliopewa njiani. Tulikuwa tunapiga nyungu nchi nzima wakati ule, hata watu wa ofisini walikuwa wanajifukiza. Nikainjika chungu, maji yakachemka na majani, tukakiweka chini katikati ya chumba, mdogo wangu akakaa mbele yake na bibi akamfunika blanketi zito la kijivu.

Haikuchukua hata muda, akatoka mbio, macho mekundu.

"Siwezi, bibi. Humo ndani giza, pumzi inakata."

"Rudi, utoke jasho."

"Naogopa."

Bibi akamtazama. Akavua ndala, akakunja magoti yake yale mabovu, akaketi. "Haya. Sogea, mke mwenzangu, niingie na mimi."

Akaingia. Blanketi likawafunika wote wawili, likawa kama kichuguu kinachotikisika katikati ya chumba. Mimi nilikuwa pembeni nashikilia pindo mvuke usitoke. Niliwasikia wakikohoa, wanacheka, wanakohoa tena. Bibi alikuwa anamwambia apumue kwa nguvu, auteme ugonjwa wote humo humo chunguni. Walitoka wameloa, nyuso zinang'aa, wameshikana mikono. Walirudia jioni yake, na kesho yake pia, na kila mara bibi aliingia naye. Mdogo wangu akapona. Tukasema nyungu ni kiboko.

Wiki iliyofuata bibi akaacha kumaliza chakula chake. Kisha akaacha kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea ukuta, anavuta hewa kama mtu aliyekuwa anakimbia. Zahanati wakasema homa ya mapafu, wakatuandikia twende hospitali ya wilaya. Tulimpeleka Mpwapwa kwa pikipiki, mimi nyuma namshikilia, bibi katikati, mwepesi ajabu, nikawa nashangaa ule mdomo wote wa vikaoni ulikuwa unakaa wapi kwenye mwili mdogo hivi. Mdogo wangu alituaga kwenye kona ya nyumba. Ilikuwa Alhamisi. Bibi akamwuliza kitu kimoja tu, kwa sauti iliyokuwa haitoki vizuri:

"Maji ya zamu yetu mmepeleka?"

"Bado, bibi."

"Peleka."

Bibi hakurudi akiwa hai. Hospitalini walituambia ni changamoto ya upumuaji, na hatukuambiwa zaidi. Mpaka leo sijui ilikuwa ugonjwa ule au ilikuwa uzee na vumbi la mwezi wa saba. Wala mdogo wangu hajui. Lakini msibani mama yetu mkubwa, dada yake mama, akiwa amechanganyikiwa kwa kulia, alisema mbele ya wanawake wote jikoni: "Kikohozi kimeletwa na huyu mtoto kutoka shuleni, mama yangu akakivuta chote kwenye blanketi."

Mdogo wangu alikuwa anaosha sahani. Aliendelea kuosha. Mama alimkaripia dada yake, watu wakanyamazishana, na mama mkubwa mwenyewe baadaye alikuja kumkumbatia na kumwomba radhi. Mdogo wangu alikumbatiwa kama gunia. Neno lilikuwa limeshaingia.

Matanga yakaisha, mama akarudi Chimwaga kwa sababu bila yeye tusingekula. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia. Asubuhi ya kwanza nikamwekea mdogo wangu sare kitandani, nimeipiga pasi. Akaikunja, akairudisha sandukuni. Nikadhani ni huzuni, itapita. Mimi ni mtu wa kudhani mambo yatapita. Nikamtania, nikamwimbia, nikamwahidi kiti cha kwanza kinachozunguka saluni kwangu. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mdogo.

Mwalimu wake wa darasa, mama mmoja mpole mwenye mtoto mchanga mgongoni, akaja nyumbani. Nikampa kile kigoda cha bibi, hakikuwepo kingine.

"Mwanangu, wewe ndiye tunayekutegemea. Wenzako wanakuulizia."

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimesema wenzako wanakuulizia."

"Wazima?"

"Wazima."

"Na bibi zao?"

Mwalimu akamshusha mtoto mgongoni, akampakata.

"Darasani kwetu karibu wote wanakaa na bibi zao, mwalimu," mdogo wangu akasema taratibu, kama anayeeleza hesabu ubaoni. "Nikikohoa je? Mmoja akikitoa kikohozi kwangu akakipeleka nyumbani?"

"Hukohoi sasa."

"Hata siku ile nilidhani ni vumbi."

Mwalimu alijaribu. Alimweleza kwamba kosa halikuwa lake, kwamba hata yeye mwalimu, hata mwalimu mkuu, hakuna aliyejua. Mdogo wangu alimsikiliza kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka njia panda, akamsaidia hata kumfunga mtoto vizuri mgongoni, lakini uso wake aliugeuzia pembeni wakati wote, asimpumulie.

Mama alipiga simu, akabembeleza, akatisha, akalia. Mama mkubwa alikuja tena na kuku. Nilimshika mdogo wangu mkono mwenyewe asubuhi moja, nikamvalisha kama mtoto wa chekechea, tukaenda. Tulifika mpaka mbele ya darasa lao. Akakanyaga kijiti, akaosha mikono, vidole vyote, katikati ya vidole, viganja, vifundo. Akaosha tena. Watoto ndani walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha la saba. Alikuwa anaosha, maji yanaisha kwenye kidumu, na nikaona mabega yake yanapanda na kushuka, anajizuia kupumua. Kidumu kilipokauka akageuka akaanza kurudi nyumbani, mikono ameinyoosha mbele inadondosha maji njia nzima, na mimi nyuma yake na mkoba wa madaftari.

Mtihani ulifanyika. Siku zile alikuwa shambani kwetu anakusanya mabua.

Miaka imepita. Waliokuwa darasa lake sasa wako sekondari, wanapita mbele ya nyumba yetu na sketi zao ndefu, nao hupunguza sauti wakifika hapo. Mama aliwahi kumtafutia nafasi arudie darasa, mwalimu mkuu akakubali kabisa, sare mpya ikanunuliwa. Nayo iko sandukuni. Mimi bado nauza mayai na kusuka. Saluni siku hizi naiota nikiwa peke yangu, maana nilipoitaja mara ya mwisho mdogo wangu aliniambia, bila ubaya wowote, "Dada, wewe nenda tu. Mimi nitakaa huku mbali na watu." Kioo changu kile kirefu nikikifikiria sasa hakina mtu mbele yake.

Ugonjwa hauzungumziwi tena. Zamu za maji zilikufa kimya kimya, hakuna kikao kilichozifuta. Mzazi mmoja aliacha, mwingine akaacha. Kamba za vibuyu chirizi zimekatika, mbuzi wametafuna zilizobaki. Kimesalia kidumu kimoja, mbele ya darasa la saba, na kimesalia kwa sababu mdogo wangu hukifunga upya.

Alhamisi anaamka kabla yangu. Anachimba mchanga mtoni, anachota kwa kikombe, anasubiri, anachota. Nimewahi kumfuata bila yeye kujua. Alifika shuleni kabla ya kengele, akajaza kidumu, akabadilisha kipande cha sabuni. Watoto wa sasa wanampita mbio na mikono yao ya vumbi, wala hawajui kile ni kitu gani. Wengine wanakikanyaga kijiti kwa mchezo, maji yanamwagika chini. Yeye anaongeza tu mengine. Mwalimu wake wa zamani alitokea mlangoni na chaki mkononi.

"Leo ingia basi, mwanangu. Ukae hata nyuma."

Mdogo wangu alirudi hatua moja nyuma, akajiziba mdomo kwa pindo la khanga. Ilikuwa khanga ya bibi, ile ya vikao.

"Nimeleta maji tu, mwalimu," akasema.

Kengele ikagongwa. Akainua ndoo yake tupu, akaiweka kichwani, akaondoka akipita pembeni, mbali na watoto waliokuwa wanaingia.