Mkono wa Babangu Uko Kwenye Nyumba ya Kamari

Assalaam alaykum. Admin, nifiche jina tafadhali, Kibokoni sote twajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, sijaolewa (msianze), kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na naishi na babangu mzazi. Mama ametangulia mbele ya haki.

Babangu alikuwa mwandishi wa mabango, kwa brashi na rangi. Maduka ya Makadara, majina ya maboti kule Liwatoni, vibao vya harusi, vingi ni mkono wake. Alikuwa hashiki brashi bila udhu, hata kama aandika "Viazi Karai". Na baa au nyumba ya kamari hakuiandikia hata herufi moja, waje na bahasha nene vipi. Kisha akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza.

Mimi ugonjwa wangu tangu nianze kazi hii ni maumbo ya herufi. Nikazunguka kupiga picha mabango yake, nikazichora herufi moja moja kwenye kompyuta mpaka zikawa fonti, yaani mtu achapa tu na maneno yatoka kwa mwandiko wa Baba. Alikuwa akikaa kando yangu, anielekeza kwa mkono wa kushoto: "Hiyo R tumbo limezidi, ipunguze." Wallahi sijawahi kuwa karibu na babangu kama siku zile. Ilipokamilika nikaiweka mtandaoni, kila mtu aichukue bure, aitumie kwa kazi yoyote. Wenzangu wengi hufanya hivyo, na mimi nilitaka mkono wake uishi. Baba mwenyewe aliridhia. Ya mbele hatukuyafikiria, si mimi si yeye.

Juzi juzi twatoka kliniki kwa tuktuk, tukapita Makadara. Nyumba ya kamari imefunguliwa, bango limejaa ukuta mzima, BASHIRI USHINDE, kwa herufi za Baba. Na ile R tuliyoipunguza tumbo imo. Akamwambia dereva asimame, akaliangalia, kisha akamwambia aendelee.

Barazani ndiko wazee wenzake walikommaliza. Mmoja akamwambia, "Mzee, kumbe mkono umepona? Bango la madrasa ulitukatalia, la kamari ukaliweza." Akajaribu kuwaeleza habari za kompyuta, wakacheka. Tangu siku hiyo baraza haendi, na sala asali chumbani.

Nilimwendea meneja wa ile nyumba. Alinipokea vizuri, hata soda akanipa, kisha akanionyesha simu yake. "Dada, si wewe uliyeandika hapa ni bure, kwa kazi yoyote?" Ni mimi. Nimeshaitoa kwenye tovuti yangu, lakini watu wameinakili na kuisambaza, na sasa naiona hata kwenye vibanda vya muguka, yale majani ya kulevya watu wanayotafuna. Hairudi tena, mimi ndiyo kazi yangu, najua. Nilipomwambia Baba alinijibu taratibu, "Mwanangu, mkono wangu ulikufa nikaridhika. Wewe umeufufua, ukaupeleka huko." Nililia mpaka kichwa kikaniuma, na yeye hakunibembeleza.

Jana akaagiza mkebe wa rangi nyeupe. Ataka nizunguke Makadara na Liwatoni, niwaombe wenyewe, nipake juu ya kila alichoandika, mwandiko ule usionekane tena mjini. Ati nianzie kibao kilicho juu ya mlango wetu, chenye jina la Mama. Alikiandika walipohamia nyumba hii.

Nikimtii, alichokiandika kwa udhu chote kitafutika, mkono wake utabaki kamarini peke yake. Nikikataa, ameshaniambia hana radhi nami.

Jamani, nyinyi mlio na wazazi, niambieni la kufanya. Mkebe nimeshaufungua, ngazi nimeshaiegemeza, na Baba amekaa ukumbini angoja. Nipake jina la mamangu?