Mistari Minne Niliyoikata

Kwa miaka sita nimekuwa nikipanga kurasa za kijitabu cha shuhuda cha kanisa letu la Wakongomani hapa ugenini, Granville. Siku za kazi niko ghalani Lidcombe. Jumamosi nasoma historia ya uchapaji maktabani, bila mwalimu, nikiandika daftarini.

Mwaka jana mama mmoja mjane wa Rooty Hill alileta ushuhuda wake, ameuandika kwa mkono. Katika kambi ya wakimbizi binti yake aliugua sana, na aliyeketi naye siku tatu alikuwa jirani Mwislamu, akimwombea dua za Kiislamu. Mtoto alipona. Kila ushuhuda hupita kwanza kwa kamati ya wazee watatu. Kamati ikasema dua ziondolewe, watu wasije wakadhani ndizo zilizoponya. Nilikata mistari minne, nikaweka: "Mungu alituma msaada." Mshono haukuonekana.

Jumamosi iliyofuata, maktabani, niliomba kuona kitabu kimoja cha karne ya kwanza ya uchapaji. Mkaguzi wa Kanisa wa enzi hizo alikuwa amefuta aya nzima kwa wino, na wino ule umeila karatasi hadi upande wa pili. Lakini kwenye ukurasa wa kwanza aliandika kwamba ni yeye aliyekisahihisha, kwa amri, akatia jina na tarehe. Mhudumu wa maktaba alinisaidia kusoma Kilatini chake. Mkaguzi yule alitia sahihi. Mimi hata mwenye ushuhuda sikuwa nimemwambia.

Kesho yake, baada ya ibada, nilipanda treni hadi Rooty Hill na ukurasa ule nilioukata.

"Papa, nani amekata?" mama akauliza. Papa ni baba, kwa heshima ya kwetu.

"Mimi, mama. Kamati iliagiza, ila mkono ni wangu."

Akasoma tena, akacheka. "Msaada! Huo msaada ulivaa baibui, Papa. Kila asubuhi ulikuja kuniomba chumvi, na haukurudisha hata siku moja." Kisha akaacha kucheka. "Yule jirani nilimwahidi sitamficha. Rudisha yote, ama ondoa ushuhuda wote."

Nilirudisha mistari, nikaiambia kamati kwamba anayetaka iondolewe atie sahihi chini ya ukurasa, na sahihi hiyo ichapwe. Wawili walitazama meza.

"Unatutega, ndugu?" akauliza wa tatu, mkubwa wao.

"Hapana, mzee. Nataka ijulikane nani amekata."

"Basi lete kalamu."

Aliandika jina lake lote, bila haraka. Aliamini alichokitenda, na nilimheshimu kwa hilo. Nikauondoa ushuhuda wote kijitabuni, kama mama alivyotaka, nikachapa sahihi ya mzee pale ulipokuwa.

Jumapili tulipogawa kijitabu, ukafika muda wa shuhuda. Kwetu ushuhuda wa mdomo haupiti kwa kamati. Ukinyoosha mkono, unapewa kipaza sauti. Mama akanyoosha. Alisoma karatasi yake, mistari minne ikiwemo, na jina la jirani akalitaja mara mbili. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Amina zilikuwa chache. Mimi nilisema Amina yangu kwa sauti.