Shada la Pili

Shangazi yangu alipofariki, kamati ya mazishi ilinipa kazi niliyokuwa nikipewa kila mara: kuandika ratiba. Nafanya kazi ofisini Embu mjini, nina kompyuta, na kwetu Manyatta hiyo inatosha kukufanya mwandishi wa marehemu wote. Mpangilio naujua. Nyimbo, historia ya marehemu, mahubiri, kisha orodha ya wanaoweka mashada kaburini. Shada la kwanza ni la wazazi. La pili ni la mume au mke. Wanafuata watoto, ndugu, wakwe, kanisa, wenzake wa kazini. Marafiki huitwa mwisho, wakati macho ya watu yameshageukia sufuria.

Shangazi alikuwa mwalimu mjini Meru. Hakuolewa. Kwa miaka kumi na saba aliishi nyumba moja na mwanamke anayeuza viazi soko la Gakoromone. Tulipowatembelea tukiwa watoto tulilala sebuleni, tukaona kwamba chumba cha kulala ni kimoja. Nyumbani Manyatta mama yule aliitwa "mwenye nyumba wa mwalimu", ingawa wote wawili walikuwa wapangaji. Shangazi alipougua, yeye ndiye aliyefunga kibanda chake miezi minne akamlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani.

Jumanne, siku tatu kabla ya mazishi, mama yule alikuja ofisini kwangu kuiona rasimu. Aliisoma kama mtu anayekagua gunia, mpaka chini kabisa. Nilikuwa nimemwandika "rafiki wa karibu".

"Rafiki wa karibu anaweka shada la ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia, la mwisho.

"Kwenye historia usiniandike, sitaki. Nataka tu kuitwa wakati wangu."

Alisema hivyo, akakunja karatasi, akanirudishia. Nilikaa na karatasi ile hadi saa kumi. Kisha nikaandika, mstari wa pili, "mwenzake wa maisha", nikaenda Manyatta kuionyesha kamati kabla sijajirudi.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alisoma, akavua miwani. Alisema mchungaji ataondoka, waumini watamfuata, na jeneza litabaki na sisi na mbwa. Alisema mambo haya yametoka kwenye televisheni. Binamu yangu mmoja akauliza kama mahari ililetwa kwa magunia ya viazi. Watu wakacheka, na mimi nusura nicheke nao.

Nyanya, mama mzazi wa marehemu, alikuwa kando akichambua maharagwe ya njahi kwenye ungo. Aliolewa Manyatta kutoka Mbeere, upande wa Kiambere, na umri wake umepita tisini. Bila kuinua macho alisema kwamba mama yake alitolewa mbuzi wa mahari na mwanamke, mjane asiye na mtoto, na kwamba yeye mwenyewe alikua akimwita mjane huyo baba.

"Hiyo ilikuwa ya kutafuta watoto, mama," baba mkubwa alisema. "Si hii."

"Si hii," nyanya alikubali. "Lakini mtu alipewa mahali pa kusimama. Huyu amemwogesha binti yangu miezi minne. Atasimama wapi?"

Baba mkubwa aliniambia nichapishe nipendavyo, kipaza sauti ni chake.

Ijumaa, niliposimama karibu na mfawidhi, aliyeshika kipaza sauti kuita majina, niliona nakala yake. Mstari wa pili ulikuwa umekatwa kwa kalamu. Mama yule alikuwa nyuma kabisa ya hema, peke yake, ameshika shada lake kwa mikono miwili. Nilijua ataitwa mwisho, au hataitwa.

Nyanya aliitwa kwanza. Alifika kaburini na mkongojo, akasimama, na shada hakuliweka. Mfawidhi akaita ndugu. Wakaja, wakasimama nyuma yake, kwa sababu kwetu hakuna anayeweka kabla ya mzazi. Mfawidhi aliita tena, kwa sauti ya chini kidogo. Kwaya ikanyamaza.

"Kuna mtu bado," nyanya alisema kwa Kimbeere.

Jua lilikuwa kali. Mchungaji alitazama saa, kisha Biblia. Mikono ya nyanya ilianza kutetemeka, maua nayo yakatetemeka, na nilimwona baba mkubwa akiitazama mikono ile. Sidhani hoja yoyote ilimbadilisha. Alimkaribia mfawidhi.

"Soma ilivyochapishwa."

Ilisomwa. Akina mama wa kanisa waliinuka safu nzima wakaondoka kupitia kwenye mibuni. Mchungaji alibaki. Mama yule alitembea njia yote ile akitazamwa, na nyanya akamngoja afike ubavuni mwake ndipo akainama.

Tangu siku hiyo baba mkubwa hanitumii ratiba za kuandika. Wenzangu ofisini huniuliza kwa nini mtu wa kanisa kama mimi anataka sheria iwaruhusu watu kama wale wawili kuoana. Sina hoja ndefu. Nawaambia kwamba mke halali angeitwa shada la pili bila mtu kuombwa. Mama yule alihitaji bibi kizee asimame juani hadi mikono imtetemeke, na si kila mazishi yana nyanya.