Kadi ya Kumuaga Mchungaji

Kadi zangu ninazozigonga kwa mihuri ya mpira mimi huzikausha juu ya kifuniko cha sufuria ya githeri inayochemka, maana Nyeri mwezi wa Julai jua ni la kuombwa. Nyuma ya kila kadi hugonga moyo mwekundu na jina langu, wateja wanijue.

Jumapili ya kumuaga mchungaji wetu, anayehamia Timau, nilichelewa. Wino wa kadi yake nikaupuliza tu kwa mdomo.

Mchungaji aliisoma kadi mbele ya kanisa, akatokwa na machozi, akaikumbatia kifuani. Nilivyojivuna! Alipoishusha, kanzu yake nyeupe ilikuwa na moyo, na chini yake "Wanjiru", kinyumenyume.

Mkewe akanigeukia akicheka.

"Wanjiru, si ungeniambia tu nikuachie?"