Mtoto wa Kwenye Kona

Fundi wa mabango alimchora bintiye palepale alipogongwa na gari akafa, kwenye ukuta wa kona ambako barabara inashuka mlima na dereva haoni mbele mpaka amefika. Alimpa kimo chake halisi na sare ya shule, viatu vikikanyaga ukingo wa barabara, kiganja kimenyooshwa mbele: simama. Madereva waliotokea kwa kasi walidhani ni mtoto wa kweli, wakakanyaga breki roho mkononi. Wengine walitukana.

"Tukana tu," mkewe alikuwa akisema, "ilimradi umepunguza."

Barabara ilipotakiwa kupanuliwa, ukuta ukawekewa alama ya kubomolewa. Hoteli mpya ikaomba kukata kipande chenye picha na kukihifadhi.

"Bora awe mahali kuliko awe kifusi," fundi alisema. Mkewe alikubali shingo upande.

Miezi kadhaa baadaye meneja wa hoteli akamwita: plasta imepata ufa. Walikwenda wote wawili, na ngazi na makopo ya rangi.

Kipande kilikuwa kimetundikwa juu ya mapokezi, viatu vya mtoto vikining'inia hewani. Wageni waliingia na masanduku yao, wakampungia mkono kwa mzaha.

"Watu wanampenda huyu!" meneja alisema. "Anawakaribisha. Mzee wangu, ukishaziba ufa, muongezee na tabasamu kidogo, eh? Amenuna mno."

"Hajanuna," mama mtu alijibu. "Anaogopa gari."

Meneja akacheka, akidhani anataniwa. "Gari gani humu ndani, mama?" Simu ikamwita, akaondoka.

Fundi alipanda ngazi, akaziba ufa uliokatiza kwenye kifundo cha mkono, akaulainisha kwa kidole mpaka haukuonekana. Kisha akabaki palepale na brashi. Mkono ulikuwa uleule, rangi ileile, ila mbele yake palikuwa na makochi na mlango wa vioo. Hapakuwa na cha kusimamisha.

"Mama yake," aliita kwa sauti ya chini, "nimfute?"

Mkewe alisogea karibu. Aliikanyaga ngazi kwa mguu mmoja, akaikamata kwa mikono miwili.

"Anzia macho," alisema.

Fundi akachovya brashi kwenye rangi nyeupe. Alipofika shavuni, mlinzi wa mlangoni alishaanza kupiga kelele, "Wee mzee! Wee! Unaharibu!" Mkewe hakugeuka. Aliishikilia ngazi isicheze.