Weka Alama Moja Tu

Nilipomaliza shule na kukosa kazi, niliajiriwa kuwa mkalimani wa mtaalamu wa vita. Alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mpole, akiandika kitabu cha kulinganisha vita vya wenyewe kwa wenyewe: Somalia, Liberia, Bosnia. Vita vyenyewe hakuwahi kuviona. Alisema hilo lilimsaidia asiegemee upande.

Alifikia Kizingo, mtaa wa matajiri, na kila asubuhi dereva alimleta Mji wa Kale kuhoji wakimbizi. Swali la nne katika karatasi zake lilihusu chanzo cha vita: kabila, dini, umaskini au siasa. Weka alama moja tu. Nilimuuliza kama mtu aweza kuweka mbili, akasema kompyuta itakataa. Basi wenye vita vya sababu mbili na watafute kompyuta yao.

Nilimpeleka kwa jirani yetu, bibi wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, aliyekodi chumba nyuma ya msikiti akishona kofia. Kiswahili cha kwao na chetu ni ndugu, hivyo tulielewana. Alitumiminia kahawa, akajibu vizuri hadi swali la nne.

"Mwambie waliovunja mlango wangu walikuwa watatu," alisema. "Wawili sikuwajua. Wa tatu nilimsomesha Kurani mwenyewe. Walimuua mume wangu, wakachukua cherehani. Hiyo ni dini au umaskini?"

Nikatafsiri. Mtaalamu aliinamisha kichwa kwa huruma, kisha akauliza yule wa tatu alikuwa wa ukoo gani.

Bibi akaweka kikombe chini. "Muulize, kwao hakujapata kuwa na vita?"

"Vilikuwepo, zamani," mtaalamu akajibu. "Tumeshavielewa."

"Na walipovielewa, nani alikwenda kwa nani kuomba radhi?"

Hilo sikulitafsiri. Niliipenda kazi yangu, kwa hiyo nikamwambia mtaalamu kuwa bibi anauliza kama kahawa imekolea. Mtaalamu akatabasamu na kuisifu.

"Mwanangu," bibi akasema taratibu, "umemwambia nini hata akacheka?"

Mtaalamu akaweka alama kwenye kabila, akashukuru, tukaondoka.

Kesho yake alasiri nilirudi peke yangu.

"Shikamoo, bibi. Jana nilikukosea."

"Marahaba. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo, pamoja na karatasi za maswali zilizobaki. Akanikalisha, nikaandika nyuma ya karatasi hizo yote aliyoyasema, siku tatu mfululizo, bila kuruka neno. Yule kijana wa tatu, alisema, aliingia akilia, na akamwamkia kabla ya kuchukua cherehani. Hapo niliweka kalamu chini. Yeye aliendelea kutia uzi kwenye sindano akinisubiri.

Mwaka uliofuata bibi alipata ruhusa ya kwenda kuishi kwa bintiye ng'ambo, akaondoka na karatasi zile zikiwa zimefungwa ndani ya kanga. Kitabu nacho kikatoka. Humo bibi ni mstari mmoja katika jedwali, na mimi nimeshukuriwa kwa ukalimani makini.