Amepima nyumba 613, sasa ni zamu ya kiwanja chake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye majani, na Mama Kamba yuko magotini pembeni mwa kiwanja cha watu. Mdomoni ameuma misumari mitatu, mkononi ana nyundo, na jicho moja amelifumba kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kamba nyeupe imekazwa kutoka kigingi hadi kigingi.

"Hii kona imelala," anasema baada ya kutema misumari.

Mwashi aliyekuja na watu wake sita kuchimba msingi anaguna. Kwa macho yake kona iko sawa, na jua linapanda. Mama Kamba habishani naye. Anavuta tepu, anapima mita tatu upande huu, nne upande ule, kisha anapima mshazari kati ya alama hizo mbili. Inatakiwa isome mita tano kamili. Inasoma tano na vidole viwili.

Vidole viwili hapa, anaeleza, vikifika nyuma ya nyumba vimekuwa mkono mzima, na fundi wa paa akija atatukana watu ambao hawapo. Anang'oa kigingi, anakisogeza, anakigongomea upya. Mwashi anakubali shingo upande na kuwaambia watu wake wasubiri kidogo.

Hii ndiyo kazi yake kwa mwaka wa ishirini na mbili: kupima msingi. Kabla sululu ya kwanza haijagusa ardhi, yeye ndiye anayeitoa nyumba kwenye karatasi ya ramani na kuilaza chini kwa kamba. Ana miaka hamsini na moja, mwembamba, mcheshi, na hana subira na mtu wa "hapo panatosha". Jina la utani alipewa na mafundi, na siku hizi hata mumewe humwita hivyo akiwa na jambo la kuomba.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, fundi wa zamani, aliyemchukua amshikie upande wa pili wa kamba. Alishika kamba miaka miwili bila kuambiwa neno. Siku mjomba alipokamatwa na mgongo, akaenda peke yake, na mwenye kiwanja alipoona mwanamke anashuka na nyundo, akauliza fundi yuko wapi. Nyumba hiyo ilikuwa ya kwanza. Ya jana ilikuwa ya mia sita na kumi na mbili, na hii ya leo ni ya mia sita na kumi na tatu.

"Watu wakiniuliza naishi wapi, nacheka kwanza," anasema. "Maana jibu lenyewe lina aibu kidogo."

Anaishi kwenye vyumba viwili vya kupanga, yeye, mumewe ambaye ni fundi cherehani, na binti yao wa mwisho anayesomea uuguzi. Cherehani iko chumba cha mbele, kitanda cha binti kiko nyuma ya cherehani, na mteja akija kupimwa suruali, binti hutoka nje na vitabu vyake. Wamehama mara tano. Mara mbili nyumba iliuzwa, mara moja mwenye nyumba alimpa mwanawe aliyeoa, na mara mbili kodi ilipanda hadi wakanyoosha mikono. Theluthi nzima ya wanachopata wote wawili huishia kwenye kodi.

Si kwamba hana ardhi. Anayo, na hapo ndipo penye uchungu. Miaka kumi na minne iliyopita yeye na mumewe walijibana wakanunua kiwanja cha mita kumi kwa kumi na nane. Walipokwenda kuomba kibali cha kujenga, ofisi ya baraza la mji iliwafungulia kitabu cha sheria: kiwanja chochote kisichofika mita za mraba mia tatu hakipewi kibali. Chao kina mia na themanini. Muuzaji hakuwaambia, na wao hawakuuliza.

"Nilijua kupima kila kitu isipokuwa sheria," anasema.

Tangu siku hiyo kiwanja kimekuwa cha kufyeka majani. Wenzao wako wengi. Baraza lenyewe limehesabu viwanja vidogo vya namna hiyo mia tatu na arobaini, vyote vina wenyewe, vyote vimekaa tu. Mji wakati huohuo unahitaji nyumba mpya elfu nne kila mwaka, na zinazojengwa ni elfu moja na mia mbili.

Hesabu hiyo ya mwisho ni ya chama cha wajenzi wa nyumba za kuuza na kupangisha, ambacho kwa miaka saba kimekuwa kikililia baraza lipunguze kipimo cha kiwanja na kuruhusu nyumba zinazoungana ukuta. Miaka saba kimegonga mwamba. Na tusidanganyane, chama hicho hakina wapenzi mtaani. Kikisema nyumba ni chache, watu husikia wafanyabiashara wanataka kujenga nyingi wauze. Katibu wake, bwana mpole anayevaa tai hata siku za joto kali, analijua hilo vizuri.

"Tukisema sisi tunaonekana tunatetea matumbo yetu," anakiri. "Na siwezi kusema kwamba matumbo hatuna."

Ndiye aliyepata wazo la kumwomba Mama Kamba akazungumze siku baraza lilipofungua milango kusikiliza wananchi, maana nusu ya nyumba za wanachama wake zilipimwa na mama huyu. Akamletea hotuba ya kurasa nne, imepigwa chapa vizuri. Mama Kamba anasema ukurasa wa kwanza tu alikutana na maneno matatu ambayo hajawahi kuyasikia hata msibani, na msibani watu husema sana.

Mumewe hakupenda. Alimwambia wakubwa hao watampanda kama ngazi, na wakishafika juu hawatakumbuka ngazi waliiegemeza wapi. Mama Kamba akamjibu kwamba huenda ikawa kweli, lakini yeye amebisha hodi peke yake miaka kumi na minne na hakuna aliyemfungulia. Akienda na kundi, angalau mlango utagongwa kwa nguvu.

Siku ilipofika, ukumbi wa baraza ulijaa. Kamati ya ujenzi inaongozwa na mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye sauti ya chini ambaye wajumbe wote bado wanamwita Mwalimu, kwa kuwa wengi wao aliwafundisha. Mwalimu ndiye aliyekuwa akilikataa ombi la chama mwaka baada ya mwaka.

Zamu yake ilipofika, Mama Kamba aliziacha kurasa nne kwenye kiti. Akawaomba wajumbe wasogeze viti nyuma, akatoa kamba kwenye mkoba, na miguu ya viti ikawa vigingi. Ndani ya robo saa sakafu ilikuwa na nyumba nzima ya kamba, mita saba kwa tisa, ile ambayo ingekaa kwenye kiwanja chake: chumba cha mbele, jiko, vyumba viwili vya kulala, choo na bafu.

Akawakaribisha waingie, mmoja mmoja, kwa mlangoni. Mjumbe mmoja mzito aliyekatiza ukutani alirudishwa akaingie kama watu. Ukumbi ukacheka. Wajumbe wakatembea humo ndani, wakapishana jikoni, mmoja akanyoosha mikono chumbani kuona kama kitanda kinaenea. Kilienea. Katibu wa chama anasema alianza kuhisi siku hiyo wameshinda.

Ndipo Mwalimu akainuka. Akaingia mlangoni, akapita mpaka jikoni, akasimama pale kwenye kamba.

"Na maji machafu yanakwenda wapi?" akauliza.

Mwalimu akaeleza, bila hasira, kwamba kile kipimo cha mita mia tatu hakikuwekwa na watu wabaya. Kiliwekwa baada ya shimo la choo la mtu kuvujia kisima cha jirani, mtaa mzima ukaugua, na yeye mwenyewe akafunga madarasa wiki tatu na kuzika wanafunzi wawili. Kwa miaka saba alikuwa akisubiri chama kimjibu swali hilo moja. Kila mara kilimletea hesabu za nyumba.

Mama Kamba alitazama kamba yake. Alikuwa ameweka kila kitu kwenye nyumba ile isipokuwa shimo.

"Ningeweza kubabaisha," anakumbuka. "Lakini yule mama amefundisha miaka thelathini. Anamjua mtu anayetafuta jibu kwenye dari."

Basi akasema mbele ya watu wote kwamba Mwalimu amesema kweli: kwenye viwanja vya namna hiyo, kila mtu na shimo lake ni hatari. Kisha akapiga magoti, akaongeza kamba. Akachora viwanja vinne vinavyopakana, na kando ya njia, mahali gari la kunyonya majitaka linapoweza kufika, akaweka shimo moja kubwa la kujengewa kwa zege, mbali na kisima chochote, la kuhudumia nyumba zote nne. Mwalimu alisimama akitazama. Akaomba apimiwe umbali kutoka shimo hadi kisima, akaomba upimwe tena, akarudi kwenye kiti chake.

Mwezi mmoja baadaye baraza lilishusha kipimo hadi mita mia na hamsini, kwa sharti. Wenye viwanja vidogo wajiunge wanne wanne, shimo liwe moja, na wote wanne watie saini. Mmoja akikataa, watatu waliobaki wanakosa kibali.

Chama kilifanya sherehe. Mama Kamba alikwenda, akanywa soda moja, akarudi nyumbani mapema. Mumewe alijua kinachomsumbua. Kati ya majirani watatu waliopakana na kiwanja chao, wawili wangesaini hata usingizini. Wa tatu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye walikuwa hawasalimiani naye kwa mwaka wa sita.

Chanzo kilikuwa mpaka. Fundi huyo alidai kigingi cha Mama Kamba kimeingia kwake. Mama Kamba alimjibu, mbele za watu, kwamba yeye anapimia mji mzima na hawezi kufundishwa kupima na mchoma vyuma. Maneno hayo yalimchoma yule bwana kuliko kile kigingi.

Mama Kamba alimfuata karakana kwake mara mbili, na mara zote mbili mashine ya kuchomelea iliwashwa alipofungua mdomo. Mara ya tatu alimkuta amekaa, akamwomba jambo moja tu: waende kiwanjani wakapime upya, na yeye fundi ndiye asome tepu.

Walipima kuanzia kwenye jiwe la mpaka la serikali. Fundi akasoma. Mama Kamba akamwambia asome tena. Kigingi chake kilikuwa kimeingia kwa jirani kiganja kizima na nusu.

"Kosa lilikuwa langu," anasema, na hapa hacheki. "Siku ile nilikipima jioni, nimechoka, nina furaha ya kununua kiwanja, sikurudia. Kwa watu hurudia mara tatu. Kwangu sikurudia."

Mganga hajigangi, wahenga walishasema. Mama Kamba aling'oa kigingi kwa mkono wake, akakirudisha kinapostahili, akaomba radhi, na akaomba tena mbele ya wale majirani wawili, kwa kuwa kumvunjia heshima alimvunjia mbele za watu. Fundi akadai kalamu.

"Nitamtengenezea milango na madirisha," anasema fundi huyo, akiwa amesimama karakana kwake na miwani ya kazi kwenye paji la uso. "Ila vipimo nitachukua mwenyewe."

Hadi wiki iliyopita makundi kumi na tisa ya majirani wanne wanne yalikuwa yameshapata vibali. Katibu wa chama anazitaja takwimu hizo kwa raha, na wanachama wake wameanza kununua viwanja vidogo ili wajenge nyumba za kuungana. Mama Kamba anawapimia, lakini jicho liko macho. Ameshamwambia katibu kwamba nyumba ndogo ikiuzwa kwa bei ya kubwa, atarudi kwenye ukumbi uleule na kamba ileile, na safari hiyo hatakaa upande wa chama. Katibu anasema anaamini.

Kwa upande wa Mama Kamba na mumewe, mipango imekamilika. Mvua zikikatika wataanza msingi, kisha chumba kimoja na jiko, waezeke, wahamie, na vingine vifuate polepole. Mumewe ameshachagua pembe ya cherehani, karibu na dirisha. Binti ameomba kitu kimoja tu, mlango unaofungwa.

Anayetusimulia siku ya kibali ni mumewe, kwa sababu mkewe kila akijaribu anaishia katikati. Walikwenda ofisini pamoja asubuhi. Karani akawapa fomu. Mama Kamba akaichukua kwa mazoea, akashuka moja kwa moja hadi mstari wa chini wa atakayepima msingi, akaandika jina lake, akatia saini, akairudisha dirishani.

Karani akaitazama, akamrudishia. Akamwambia mstari wa juu uko wazi, mwenye nyumba hajasaini, na bila yeye kibali hakitoki.

Mama Kamba akaitikia kwamba ni kweli. Akageuka nyuma, akatazama foleni yote mpaka mlangoni, akimtafuta mwenye nyumba.